Unyevu wa Gunia Moja

Nabwile alipofungua mlango wa mashine yake kule katika kijiji cha Kwanza, kuku walimtazama kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Mashine ile ilikuwa draya ya kukaushia mahindi. Aliibuni mwenyewe katika kituo cha utafiti nje ya mji wa Kitale, alikokuwa mhandisi tangu alipotoka chuo kikuu. Ilikuwa na tanuri dogo la kuchomea magunzi, feni ya kusukuma hewa moto, na trei za wavu zilizopangwa juu kwa juu kama vitanda vya bweni. Kila bolti iliyokuwamo alikuwa ameibishania na mafundi. Sasa trei zilitandikwa nyasi, na juu ya nyasi palikuwa na mayai.

Sally, mama aliyeongoza kikundi cha wakulima kilichopewa draya hiyo, alisimama nyuma yake akijifuta mikono kwenye leso.

"Feni ilikufa msimu ule wa kwanza," akasema. "Tukapiga ile namba mlituachia. Haishikwi."

"Hamkuja kituoni?"

"Tulikuja. Askari wa geti akasema twende tuandike barua." Sally akacheka kidogo, bila ubaya. "Lakini usikasirike, dada. Kuku wanalala vizuri humo. Haiingii mvua, haiingii paka mwitu."

Akamfungia mayai kwenye mfuko. Nabwile akayapokea kwa kuwa kuyakataa kungekuwa matusi, akarudi nayo Kitale ameyapakata mapajani.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Daktari Kigen, mkuu wa mradi.

"Ile ya Kwanza inatumika?" Kigen akamuuliza kabla hajaketi.

"Kuku ndio wanaitumia, Daktari."

"Basi andika inatumika."

Nabwile alidhani anafanyiwa mzaha. Kigen hakuwa anatania. Wafadhili walitaka ripoti wiki hiyo, na katika ripoti palikuwa na nafasi ya neno moja tu kwa kila mashine: inatumika au haitumiki. Kigen hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezeeka akisubiri awamu ya pili ya fedha, na alijua awamu ya pili haitolewi kwa ajili ya kuku.

Kilichomkera Nabwile zaidi hakikuwa uongo ule. Alikuwa amekwisha kuandika kurasa nyingi juu ya draya hiyo. Katika kurasa hizo mlikuwa na grafu za joto, majedwali ya unyevu, hata ukurasa mzima juu ya jinsi feni itakavyoharibika isiposafishwa vumbi. Yote yalikuwa sahihi, na yote yalikuwa kabatini. Kama mtu mmoja wa pale Kwanza angeyasoma kwa lugha anayoielewa, angepangusa feni kwa kitambaa na mashine ingekuwa inakausha mahindi mpaka leo. Aliandika kwa ajili ya nani, basi?

Swali hilo halikumwachia usingizi. Katika kulitafutia jibu alijiandikisha katika mafunzo ya mtandaoni ya uandishi wa habari za takwimu, yaani kazi ya kuzichukua namba zilizolala ofisini na kuzigeuza habari ambayo muuza mboga anaweza kuisoma akaona inamhusu. Aliyapenda kama mtu aliyepata maji baada ya njia ndefu. Mkataba wake kituoni ulipokwisha, Kigen alimletea mwingine, na Nabwile akaurudisha bila sahihi.

Kazi mpya aliipata Bungoma, katika kituo kidogo cha redio kilichokuwa pia na tovuti ya habari. Kabla ya kuanza alikwenda nyumbani Malakisi kumwambia baba yake.

Mzee Makokha alilima tumbaku maisha yake yote. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, kisha akachokonoa sugu ya kiganja chake.

"Mimi nilikusomesha na moshi," akasema. "Ile nyumba ya kukaushia tumbaku imenimaliza kifua. Kanisani wananiita Baba Injinia. Sasa injinia anaacha mashine anaenda kuongea kwa ledio? Hata mtu hakusoma si anaongea kwa ledio?"

"Siendi kuongea, Baba. Naenda kuandika juu ya namba."

"Namba za nini?"

"Zozote. Za hospitali, za maji, za mahindi."

"Na hizo namba hazina wenyewe?"

Nabwile akainua mkoba wake. Alipoondoka, baba yake alimsindikiza mpaka barabarani kama kawaida, ila hakumwombea.

Miezi ya kwanza Bungoma ilimtesa. Mhariri, bwana mmoja aliyeitwa Mukhisa, alikuwa mwepesi wa maneno na mwepesi wa kufuta. Habari ya kwanza ya Nabwile ilianza kwa aya tatu zikieleza jinsi takwimu zilivyokusanywa. Mukhisa aliisoma akiwa amesimama.

"Madam," akasema, "ukifika hapa kwa aya ya tatu, msomaji ameshakufa na amezikwa. Nani ameumia? Anza na huyo."

"Lakini lazima mtu ajue namba zimetoka wapi."

"Atajua. Mwishoni. Kama bado yuko."

Vijana wa chumba cha habari walileta habari nne kwa siku moja, yeye alileta moja kwa wiki mbili. Alipoomba takwimu katika ofisi za umma aliambiwa alete barua, alipoleta barua aliambiwa mhusika yuko semina, na mhusika alipotoka semina alimpa karatasi zilizopigwa picha zikiwa zimepinda, namba hazionekani. Akaketi akiziandika upya moja moja, macho yanamuuma, huku kijana wa meza ya pili akiandika kwamba mwanasiasa fulani amemjibu mwenzake mazishini. Habari ya mazishi ilisomwa na maelfu. Ya kwake ilisomwa na watu wachache, na alishuku kuwa baadhi yao walikuwa yeye mwenyewe akiifungua tena na tena.

Ikafika Novemba, wakati wa mavuno. Kila mkulima aliyepiga simu redioni alikuwa na kilio kimoja. Unapeleka mahindi Kitale umeyaanika mpaka yanalia kama changarawe, mnunuzi anachomeka mashine yake ya kupimia unyevu, anatikisa kichwa na kusema bado ni maji. Uamue kuyarudisha nyumbani au umwachie kwa bei ya kutupa.

Hapo damu ya Nabwile ilichangamka. Hili alilijua. Hakuhitaji kumwomba mtu karatasi, kwa kuwa namba hizi angeweza kuzipata mwenyewe.

Alinunua gunia moja la mahindi, akalimwaga kwenye turubai, akalichanganya kwa koleo kama fundi achanganyavyo saruji mpaka kila punje ikawa na bahati sawa, kisha akayagawa katika mikebe iliyozibwa isipitishe hewa. Mahindi yale yale, unyevu ule ule. Kila mkebe ungepelekwa kwa mnunuzi tofauti, na mashine za wote zingetakiwa kusema jambo moja.

Ila ili ajue ukweli ni upi, alihitaji oveni ya maabara, inayokausha punje kabisa ili ijulikane zilikuwa na maji kiasi gani, na oveni ilikuwa kwa Kigen.

Alikwenda kumwomba. Kigen alimwacha ameketi kwenye benchi la wageni, benchi ambalo zamani alilipita kila asubuhi bila kuliangalia. Hatimaye akatoka.

"Umerudi."

"Naomba oveni tu, Daktari. Siku moja."

Kigen aliuchukua mkebe, akautikisa sikioni. "Ukitaja kituo hiki, mimi sikujui."

"Sitataja."

"Na ukipata namba, ziandike vizuri. Sio kama za redio."

Oveni ilitoa jibu: asilimia kumi na tatu na kidogo. Mahindi yalikuwa makavu, yanauzika kokote nchini, kwani mpaka unaokubaliwa ni kumi na tatu na nusu.

Nabwile akafunga kitambaa kichwani, akavaa sweta kuukuu, akaingia Kitale kama binti wa mkulima anayetafuta soko. Stoo ya kwanza mashine ilisema ukweli, akaanza kuogopa kwamba hana habari. Ya pili ikaruka mpaka kumi na tano. Kwingine mashine ilijaa vumbi hata kioo hakisomeki, na mwenyewe akaipiga kofi ndipo ikaamka. Ilipofika katikati ya mchana alikuwa na hakika: nyingi zilisoma juu ya ukweli, na hakuna hata moja iliyokosea kwa kumsaidia mkulima.

Stoo ambayo hatakuja kuisahau ilikuwa na mlango wa buluu, na mwenyewe ni Wacuka, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Alichomeka mashine yake kwenye mahindi akasubiri.

"Mama, hii bado," akasema. "Kumi na saba."

"Nimeianika siku nyingi, mama."

"Nakuonea huruma, lakini mashine ndiyo inasema. Nikichukua hii, lori ikifika Nairobi wananirudishia yote." Akamvutia kiti, akammiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. "Usianike chini kwa udongo. Nunua turubai. Usiku unafunika, asubuhi unafungua. Utaona."

Nabwile alikunywa chai ile akiitazama mashine mezani. Kwenye pembe ya kioo chake palikuwa na picha ndogo ya suke. Halikuwa la hindi, lilikuwa la ngano. Mashine za aina hii hurekebishwa kwa kila aina ya nafaka, na mtu akipima mahindi ilhali imewekwa kwenye ngano, namba lazima iende upande. Palihitajika kubonyeza kitufe kimoja tu, na kidole kilimwasha.

Lakini aliwaza kama mtafiti. Akikibonyeza, atakuwa ameharibu kipimo. Wacuka atauliza yeye ni nani, maneno yatakimbia soko zima, na stoo zilizobaki zitafuta vumbi mashine zao kabla hajafika. Huwezi kupima kitu huku unakirekebisha. Akajiambia: nikimaliza nitarudi kumwambia. Akapiga picha ya mashine kisirisiri, akashukuru kwa chai, akaondoka.

Hakurudi. Alipomaliza stoo ya mwisho, Mukhisa alikuwa amepiga simu mara kadhaa akiitaka habari, na gari la Bungoma lilikuwa linajaa.

Aliiandika kwa uangalifu kuliko kitu chochote alichowahi kuandika. Alianza na mkulima, kama Mukhisa alivyomfundisha. Alieleza kwamba mashine nyingi zilisoma juu ya ukweli, kwamba baadhi zilikuwa chafu, baadhi betri zimechoka, nyingine zimewekwa kwenye nafaka isiyo mahindi. Akaandika waziwazi kwamba namba hizi haziwezi kusema nani ni mwizi na nani hajui mashine yake. Akachora chati safi, kila stoo nukta, na mstari mmoja wa ukweli ukipita katikati. Jina la mtu hakuliweka. Picha aliituma kwa Mukhisa ili tu aone mashine zinavyofanana.

Asubuhi iliyofuata alifungua tovuti akiwa anachemsha maji ya chai. Kichwa cha habari kilikuwa kwa herufi kubwa: WEZI WA UNYEVU, JINSI MADALALI WA KITALE WANAVYOPORA JASHO LA MKULIMA. Chati haikuwapo. Aya ya nani-mwizi-nani-hajui haikuwapo. Picha ilikuwapo, kubwa, mashine mezani na nyuma yake mlango wa buluu.

Alifika ofisini bila kunywa chai.

"Umefanya nini, Mukhisa?"

"Nimekufanya usomwe," Mukhisa akajibu, amefurahi kweli. "Angalia hizi namba, si wewe unapenda namba? Hatujawahi kusomwa hivi tangu tufungue."

"Wamesoma kitu ambacho sikuandika."

"Kila neno ni lako, madam. Mimi nimepunguza tu."

"Umepunguza yale yaliyokuwa ya kweli."

"Chati haikukaa vizuri kwa simu. Na ile aya ya mwisho, bana, ati hatujui nani mwizi? Mtu akifika hapo atauliza, sasa mmetuitia nini?" Akainua mikono. "Mwenye matangazo amenipigia leo, anataka ukurasa. Unajua ni lini mtu wa matangazo alinipigia mwenyewe?"

Nabwile alirudi mezani akaketi. Alikumbuka lile neno moja, inatumika, akaona kwamba amehama mji, amehama kazi, amemuudhi baba yake, na bado namba zake zinaingia mlango mmoja zikiwa nzima na kutokea mwingine zimekatwa miguu.

Siku chache baadaye Wacuka alifika Bungoma. Aliingia chumba cha habari na mfuko wa plastiki mkononi, akamtambua Nabwile papo hapo ingawa hakuwa na kitambaa. Akauweka mfuko mezani. Ndani mlikuwa na mashine yake, kioo kimevunjwa.

"Walikuja vijana," akasema, sauti ile ile ya upole. "Wanaonyeshana simu. Mlango wangu wanaujua. Wakamwaga magunia barabarani, gari zikapita juu. Wakaniuliza, wewe ndiye yule mwizi? Mimi nimenunua mahindi ya watu wa hapa tangu mume wangu yuko hai."

"Mama, sikuandika wewe ni mwizi."

"Najua. Nimesoma yote, nikasomewa tena. Kabla hawajaivunja, fundi wa simu pale Kitale alikuwa ameniangalizia hii mashine, akaniambia ilikuwa kwa ngano. Akaniuliza kama kuna mtu wa kujua aliwahi kuiona." Akamtazama. "Wewe uliiona?"

Vijana wa chumba cha habari walikuwa wameacha kuandika. Hata Mukhisa alisimama mlangoni.

"Niliiona," Nabwile akasema.

"Ukinywa chai yangu."

"Ndiyo."

"Kusema tu, mama, hapa bonyeza hivi. Hilo lilikuwa gumu?"

Nabwile alianza kumweleza juu ya kipimo, kwamba ukimwambia mmoja wengine watajua, kwamba ilibidi stoo zote zipimwe kwa hali moja. Alijisikia akiongea, akaisikia sauti ya askari wa geti anayemwambia mtu akaandike barua. Akanyamaza katikati ya sentensi.

"Nimekukosea," akasema.

Wacuka aliuacha mfuko mezani, akatoka.

Jioni hiyo Nabwile alimwambia Mukhisa kwamba kesho ama habari nzima itarudi na chati yake na maelezo ya kosa, ama yeye ataondoka na kila gazeti litakalomsikiliza litajua ni kwa nini. Mukhisa alibisha, akalalamika juu ya mwenye matangazo, lakini alikuwa amemwona Wacuka kwa macho yake, na kelele zake hazikuwa na nguvu. Kichwa kikabadilishwa. Picha ikaondolewa. Nabwile akapewa kipindi cha asubuhi, akaeleza redioni, pole pole, kwamba mwenye mlango wa buluu hakuiba, kwamba mashine yake ilikuwa imewekwa kwenye ngano bila yeye kujua, na kwamba mwandishi alijua akanyamaza. Kisha akawafundisha wanunuzi mahali pa kutazama kwenye kioo na jinsi ya kupangusa mashine.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Picha ya kwanza iliendelea kuzunguka kwenye simu za watu na herufi zake kubwa. Marekebisho yalisomwa na wachache. Alikwenda Kitale kumpelekea Wacuka mashine mpya aliyomnunulia. Wacuka aliipokea, akaifungua, akatazama pembe ya kioo, akaiweka mezani. Hakumvutia kiti.

"Asante," akasema, akamgeukia mteja.

Nabwile alitembea sokoni akitaka angalau kuona kama kuna kilichobadilika. Stoo mbili tatu zilikuwa na mashine safi, suke la hindi kwenye kioo, na wakulima walikuwa wamesimama karibu wakisoma namba wenyewe. Hilo lilimpa pumzi. Lakini katika stoo nyingi zaidi mashine hazikuwapo kabisa. Alimwona mnunuzi mmoja, kijana aliyeitwa Munene, akichukua punje kutoka kwenye gunia la mzee mmoja, akaiweka kinywani, akaiuma.

"Hii bado," Munene akasema.

"Mashine yako iko wapi?" Nabwile akamuuliza.

"Mashine zinatuletea shida na watu wa redio. Siku hizi tunatumia meno. Jino haliandikwi."

Mzee wa gunia alianza kulifunga mdomo taratibu, kwa kamba ya mkonge, kama mtu aliyezoea.

Jumapili hiyo baba yake alimpigia simu kutoka Malakisi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aache uhandisi. Alikuwa amekisikiliza kile kipindi mwanzo mpaka mwisho, na wazee wenzake wa kanisani pia.

"Ulisema umekosa mbele ya watu wote," mzee akasema. "Hapo nilisikia vibaya. Halafu nikasikia vizuri."

Nabwile alimsimulia juu ya Munene na punje, juu ya mashine zilizofichwa, na jinsi anavyoona pengine wakulima wako pabaya kuliko alipoanza. Alisema yote kwa hasira, bila kupumua. Mzee Makokha alisikiliza, akakohoa kile kikohozi chake cha moshi.

"Sasa hayo meno," akauliza, "utayapima aje?"

Nabwile alifungua mdomo kumwambia kwamba meno hayapimiki, kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe. Badala yake alijikuta akifikiria mikebe, punje ambazo unyevu wake umekwisha kujulikana kwa oveni, na wanunuzi kumi walioketi wakiuma bila kujua kilichomo. Safari hii angewaambia kwanza anachokifanya. Wangekataa, wengi wao. Wangemfukuza, pengine.

"Sijui, Baba," akasema. "Ngoja nifikirie."

"Fikiria," baba yake akasema. "Lakini hiyo tumbaku ya ndugu yako Wekoye pia wanaipima na macho tu. Ukimaliza na mahindi, kuja huku."